Asidi Yangu, Magadi ya Mkwe

Jumamosi, 1 Juni

Bwana wa mazoezi ameniletea daftari. Anataka kila siku niandike mguu umeamkaje, umetembea wapi na umelalamika nini. "Ukweli mtupu, Mama," ameniambia, kana kwamba ameniona usoni nina dalili za uongo. Haya. Ukweli mtupu ni kwamba mguu umeamka kabla yangu, na umeamka umenuna.

Nimewekewa nyonga mpya. Ya zamani iliisha kwa kusimama juu ya mapipa ya rangi. Maisha yangu yote nimekuwa mtia rangi vitambaa. Tangu nitoke hospitali nakaa kwa binti yangu, maana yake nakaa kwa mkwe wangu. Wananitunza vizuri mno. Kila nikisogea kuna mtu anauliza nataka nini, na mimi ninachotaka ni kurudi kwangu, kwenye vyumba vyangu viwili na kamba zangu za kuanikia.

Mpango ni huu. Joto likirudi, mwezi wa tisa hivi, nianze kutembea ndani ya maji yanayofika kifuani, kwa sababu maji yanabeba mwili na nyonga inajifunza bila kuumia. Bwana wa mazoezi amesema nisipopata maji nitatembea tu, ila polepole, kwa maumivu, na mkongojo huenda nikazoeana nao moja kwa moja. Kwa bahati nyuma ya nyumba hii kuna bwawa la kuogelea. Walilikuta waliponunua nyumba, na mkwe amelishikilia kama mtoto wa kufikia aliyemkuta akampenda.

Ila jana redio imetangaza: kwa uhaba wa maji, hakuna ruhusa ya kujaza mabwawa mpaka mwakani. Kwa hiyo maji tuliyonayo ndiyo hayo hayo. Yakiharibika msimu huu wa baridi yatamwagwa, na mimi na mkongojo ndoa yetu itadumu.

Jumapili, 2 Juni

Mguu: vilevile. Baridi imeingia kweli.

Jumamosi, 8 Juni

Leo nimemtazama mkwe akipima maji. Mkwe wangu ni fundi wa kufuli. Ana kibanda mjini, anachonga funguo na kufungulia watu waliojifungia nje. Mtu wa maneno machache, anayatoa kama ameyanunua. Kitu chochote anakijua kwa vidole na sikio. Kufuli anaiweka karibu na shavu, anaitikisa kidogo, anaelewa inaumwa wapi.

Nilikuwa kwenye kiti changu cha barazani, blanketi magotini. Amefunua turubai upande mmoja, akachota maji kwenye kimrija cha kioo, akatia matone ya dawa, akakiinua kuelekea angani. Hapo maji hubadilika rangi. Yakiwa manjano, yana ukali wa asidi. Yakiwa ya waridi, yamezidi magadi. Yakiwa ya chungwa yametulia, hayamchomi mtu wala hayali ukuta, na klorini inafanya kazi yake. Haya hakunifundisha mtu wa mabwawa. Nimeishi na magadi na asidi kuliko nilivyoishi na marehemu mume wangu.

Na mimi, kutoka barazani, nimeona waridi. Waridi ya wazi, ya kitambaa cha bibi harusi. Mkwe ametazama muda mrefu, amegeuza kimrija huku na huku, kisha akaenda stoo akatoka na magadi, akamwaga.

Nimefungua mdomo nikaufunga. Mkwe na mama mkwe hawasahihishani. Mimi siingii jikoni akiwa anakula, yeye hapiti mbele ya mlango wangu bila kukohoa. Mimi ni mgeni kwake, nimekalia kiti chake, na magadi ni yake. Ningeanza vipi? "Baba, hapo umekosea"? Afadhali ninywe hayo maji.

Jumatatu, 10 Juni

Wamekwenda kazini wote wawili, binti yangu kwenye zahanati anakofanya kazi ya uuguzi, mkwe kibandani. Nimechukua mkongojo nikaenda stoo. Ufunguo uko kwenye msumari, juu kidogo kuliko ningependa. Asidi iko kwenye dumu zito ambalo limenisemesha maneno.

Nimejaza ndoo maji kwanza, halafu ndiyo nikatia asidi kidogo juu yake. Ukifanya kinyume inaruka usoni, hilo kila mtia rangi analijua. Nimemwaga polepole upande wa kina, pampu ikiwa inazunguka. Jioni, kabla hawajarudi, nimepima: chungwa safi. Nimefurahi kama nimetia rangi kitambaa cha kwanza maishani.

Mguu: umetembea kwenda stoo na kurudi, umelalamika, nimeupuuza.

Jumamosi, 15 Juni

Amepima. Amemwaga magadi tena.

Jumatatu, 17 Juni

Nimemwaga asidi tena.

Jumamosi, 22 Juni

Magadi. Mwanamume huyu ana nini na magadi?

Halafu kuna jambo lingine. Msumari wa ufunguo umeshushwa. Sasa uko usawa wa kiuno changu. Binti yangu ameuliza kwa nini, mkwe amejibu kwamba ukuta wa juu umelegea. Mimi nimeutazama ule ukuta. Haujalegea popote.

Jumatatu, 24 Juni

Asidi. Mguu haujambo.

Jumamosi, 29 Juni

Leo mkwe amefanya kitu kimenichekesha. Ameligawa dumu la asidi kwenye vichupa vidogo, amevipanga safu kwenye rafu ya chini, kila kimoja na kifuniko chake. Nimesema moyoni, huu sasa ni ubahili. Mtu anapima asidi kwa vichupa kama manukato. Lakini sikatai, kichupa nakibeba kwa mkono mmoja.

Alhamisi, 4 Julai

Upepo wa kutwa. Majani ya mti wa jirani yote yamehamia kwetu. Turubai limefunuka pembeni, na majani yakizama chini yanaoza na kula klorini yote. Nimechukua wavu wenye mpini mrefu, nikawa mkono mmoja wavu, mkono mmoja mkongojo. Ningekuwa na mkia ningeshika na fimbo ya tatu. Nimeyatoa mengi.

Jioni binti yangu amesimama barazani mikono kiunoni.

"Nani ametoa majani?"

Nimeangalia blanketi langu. Mkwe alikuwa anavua viatu.

"Upepo," amesema.

"Upepo umeyaleta, na upepo huohuo umeyatoa ukayarundika kwenye ndoo?"

"Upepo wa leo ulikuwa mkali."

Binti yangu ametuangalia sote wawili, akaingia ndani. Nimemwonea huruma mkwe, kwamba hata majani yamemshinda kuyaelewa.

Jumanne, 9 Julai

Kuanzia baraza mpaka stoo kuna bomba la chuma la kushikia. Amelifunga asubuhi kabla ya kwenda kazini. Ngazi ile ya mwisho, ile yenye ufa, amelaza mkeka wa mpira. Binti yangu amefurahi, anasema nyumba imependeza. Mimi nasema imekuwa kama wodi. Kama ni kwa ajili ya kuringishia jirani, sijui.

Mguu: umeshika bomba. Bomba ni zuri, nakubali.

Jumamosi, 13 Julai

Leo sijui niandike nini kwanza.

Jua lilikuwa limetoka. Nimefua mitandio yangu miwili, ile niliyotia rangi mwenyewe, mmoja mwekundu wa damu, mmoja wa kijani ya majani makavu. Ilikuwa kwenye kamba. Upepo umeanza kupoa, nikamwambia mkwe, aliyekuwa karibu na bwawa:

"Baba, nisaidie huo mtandio mwekundu."

Ameenda kwenye kamba. Amesimama. Kwa mtu anayefungua kufuli ngumu kwa dakika chache, amesimama muda mrefu mbele ya vitambaa viwili. Akashika wa kijani, akauachia, akaushika tena, akaniletea kwa mikono miwili.

"Huu hapa, Mama."

Nimeupokea. "Asante, baba." Nimejifunika kijani yangu mpaka shingoni.

Kisha amerudi kwenye maji. Amepima, ameinua kimrija, amegeuza. Safari hii sikuangalia kimrija, nilimwangalia yeye. Alikuwa anatazama kama mtu anayesoma kibao kwenye ukungu. Hakuona waridi. Hajawahi kuona waridi. Nyekundu, kijani, chungwa, kwake zote ni namna moja ya chai, huenda hii imekolea na ile haijakolea.

Na mimi wiki zote hizi nimekaa barazani namsema moyoni kwamba hajui kazi. Nimeona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Jumapili, 14 Julai

Nimejaribu kwa binti yangu, kwa kuzunguka. Nilikuwa namenya viazi, yeye anapiga pasi sare.

"Kwa nini usipime maji wewe? Mumeo anachoka."

"Bwawa? Mama, usinitie kwenye hilo. Hiyo ndiyo furaha yake. Hana pombe, hana mpira, ana bwawa."

"Rangi zake lakini ni ngumu kidogo kuzisoma."

"Rangi hajui yule," amecheka. "Siku ya harusi alivaa soksi moja ya kahawia na moja ya kijani. Nikamwambia ni mitindo. Wanaume wote hawajui rangi."

Yeye anacheka tu. Ameishi naye miaka yote hiyo na hajui, kwa sababu mumewe hajawahi kusema. Kama mwenyewe hajamwambia mkewe, mimi mama mkwe nitalitolea wapi? Nimemenya viazi.

Jumatatu, 22 Julai

Yeye magadi Jumamosi, mimi asidi Jumatatu. Tumekuwa kama watu wawili wanaofunga na kufungua dirisha moja. Maji bado yanavumilia, lakini juzi yamekuwa na weupe kidogo asubuhi.

Jumamosi, 27 Julai

Bwana wa mazoezi amekuja. Amenipimisha mwendo barazani na kukuna kichwa.

"Mama, mguu huu unafanya kazi gani usiyoniambia?"

"Unaandika," nimemwambia.

Amesema nikiendelea hivi na maji yakapatikana, mkongojo nitauacha. Mkwe alikuwa mlangoni akasikia. Nimemwona ametabasamu akiangalia chini, akaenda moja kwa moja kwenye bwawa, akamwaga magadi. Mengi kuliko kawaida. Yaani mtu anafurahi kwa magadi.

Ijumaa, 2 Agosti

Kifua.

Jumapili, 4 Agosti

Kifua. Binti yangu amenipa dawa na amri. Kutoka kitandani ni chooni tu.

Jumatano, 7 Agosti

Homa imepungua. Hakuna mtu wa asidi. Nalala nikiwaza kimrija.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimesogeza pazia. Turubai limefunuliwa, na bwawa ni jeupe. Si kijani, si matope. Jeupe kama maji yaliyooshewa mchele. Hiyo ni chokaa. Maji yamejaa magadi mpaka chokaa iliyokuwa imeyeyuka ndani imejitokeza nje. Chini haionekani, hata ngazi ya pili haionekani.

Mkwe amechuchumaa ukingoni, kimrija mkononi. Hakukiinua. Amekishika tu.

Jumapili, 11 Agosti

Binti yangu ameamua. Amekuja kukaa kitandani kwangu, ameshika mkono wangu kama anavyoshika wa wagonjwa, nikajua.

"Mama, lile bwawa tunalitoa maji. Jumamosi atakuja mtu wa pampu. Baadaye tutajaza udongo, tupande kitu."

"Na mimi?"

"Wewe utafanya mazoezi ya barazani. Pole pole. Na ukae hapa hapa, kuna haraka gani ya kurudi kwako? Maji yenyewe ndiyo yale, yameharibika, hatuwezi kujaza mengine. Mtu akitumbukia mle asipoonekana je? Mimi ni nesi, Mama. Siwezi kulala."

Hana kosa. Kwenye lile la mtu kutumbukia, mimi mwenyewe ningesema hivyo hivyo. Nimemuuliza mumewe amesema nini.

"Hajasema kitu. Unamjua."

Nilitaka kusema. Nimekaa na maneno yote mdomoni: kwamba maji yale hayajaharibika, yamezidishiwa, na yanarudi kwa asidi kidogo kidogo na pampu ya kutwa. Lakini angeuliza, sasa kwa nini yamezidishiwa? Na jibu la hilo swali si langu. Nimelia kidogo alipotoka. Nimelilia mguu, sijalilia bwawa.

Alhamisi, 15 Agosti

Leo mkwe hakwenda kibandani. Binti yangu alipoondoka tu nimesikia kikohozi chake mlangoni, kile cha heshima, halafu kingine, halafu cha tatu. Nikasema, huyu naye ameshikwa na kifua.

"Shikamoo, Mama. Naomba kuingia."

"Marahaba. Karibu, baba."

Hakuingia. Amesimama kizingitini, macho kwenye mkeka. Mkononi alikuwa na kile kimrija, kimejaa, na kimegeuka waridi ya kutisha.

"Mama, hii ni rangi gani?"

Nimejua kwamba swali hili limetembea safari ndefu kufika hapa.

"Ni waridi, baba. Imekolea."

"Kwa hiyo magadi yamezidi."

"Yamezidi."

Ameitikia kwa kichwa. Kisha ameyatoa maneno, yote, nadhani ametumia akiba ya mwaka mzima. Kwamba tangu utoto haoni hizo rangi. Kwamba shuleni walimcheka kwa kuchora nyasi nyekundu, akaapa hatamwambia mtu. Kwamba alichagua kufuli kwa sababu kufuli hazina rangi. Bwawa alikuwa analipima kwa kubahatisha, na lilikuwa linakubali, mpaka nilipokuja mimi.

"Mimi?"

"Nilijua unaweka asidi, Mama."

"Ulijuaje?"

"Ufunguo. Mimi nautundika meno yakitazama ukuta. Wewe unautundika meno yakitazama nje." Ametabasamu kwenye mkeka. "Ni kazi yangu."

Wiki ya kwanza tu alijua. Na akaona kwamba msumari uko juu, najinyoosha, ndiyo akaushusha. Akaona dumu ni zito, ndiyo akaligawa kwenye vichupa. Akaona ngazi yenye ufa, ndiyo mkeka, ndiyo bomba. Mimi niliita ubahili. Niliita wodi.

"Kwa nini hukunikataza?"

"Ningekukatazaje, Mama? Na ulikuwa unatembea. Kila Jumatatu nikirudi naona alama za mkongojo kwenye vumbi, naona zinapungua."

Basi nikamuuliza lile lililobaki: kama alijua naweka asidi, magadi ya nini?

Amegeuza kimrija vidoleni.

"Niliogopa. Nilisema, Mama anaweka asidi kila wiki, mimi siioni imefika wapi. Joto likirudi ataingia mle na kovu lake jipya. Ikimchoma? Nikawa naongeza magadi kusawazisha. Bwana wa mazoezi aliposema unaendelea vizuri, nikaongeza zaidi, maana siku zimekaribia. Hata ulipougua nikaendelea. Nilidhani asidi yako bado imo."

Kwa hiyo ndivyo tulivyokuwa. Mimi namwaga kuondoa magadi yake, yeye anamwaga kuondoa asidi yangu, kila mmoja anamlinda mwenzake dhidi ya mwenzake, na katikati maji ya watu yanageuka chokaa. Nimeanza kucheka, kicheko kikakamata kifua, nikakohoa mpaka ameniletea maji ya kunywa. Ni mara ya kwanza amevuka kizingiti changu. Naye alikuwa anacheka, bila sauti, mabega tu.

"Baba," nimemwambia, "nipe viatu vyangu."

"Binti yako ataniua."

"Atatuua wote. Nipe viatu."

Amenishika kiwiko mpaka bwawani. Yeye ameosha chujio, ameiwasha pampu, amepima asidi kwa vidole vyake visivyokosea; mimi nimesoma rangi. Kidogo, tunasubiri. Kidogo tena. Hakuna aliyemwaga kitu bila mwenzake.

Jioni binti yangu amerudi, ametukuta. Kabla hajafungua mdomo mumewe amemwambia mwenyewe, amesimama hapo hapo, kuhusu rangi. Binti yangu amekaa chini kwenye ngazi na sare yake.

"Kumbe zile soksi," amesema.

"Zile soksi," mkwe amekubali.

"Na mimi nilijivunia. Niliwaambia watu mume wangu ana mitindo." Amemshika mkono, na mimi nimepata shughuli ya kuangalia jirani.

Halafu nesi amerudi ndani yake. Amesema mtu wa pampu atamwahirisha kwa wiki moja tu. Ameingia ndani akatoka na kufuli kubwa ya shaba, ya mumewe, akaitumbukiza upande wa kina. Imezama ikapotea mara moja.

"Jumamosi ya wiki ijayo nikisimama hapa nikaiona kwa macho yangu, maji yanabaki. Nisipoiona, yanatoka. Na hapo sitaki kusikia habari ya upepo."

"Ile kufuli ni ya mteja," mkwe amesema.

Jumamosi, 17 Agosti

Waridi hafifu. Maji bado meupe. Mteja ameambiwa kufuli yake inafanyiwa uchunguzi.

Jumatatu, 19 Agosti

Chungwa. Weupe unashuka chini kama vumbi. Mkwe anaosha chujio asubuhi na jioni.

Jumatano, 21 Agosti

Ngazi ya pili inaonekana. Ya tatu naikisia.

Alhamisi, 22 Agosti

Mkwe ameuliza rangi kabla sijamaliza kutia matone. Nimemwambia awe na subira, hata chai haiivi hivyo. Tumezoeana mpaka nasahau kujifunika kichwa.

Jumamosi, 24 Agosti

Binti yangu amechelewa kuamka makusudi. Amekunywa chai, amesuka nywele, ametafuta kandambili. Sisi wawili tumekaa kwenye baraza kama watoto wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mwishowe amekwenda ukingoni, ameinama, mikono magotini.

Amesogeza uso karibu na maji.

"Naona kitu," amesema.

"Kitu gani?" mumewe ameuliza.

"Kitu. Kinaweza kuwa jani."

Mkwe amesimama kwenda kutazama, akamshika bega, naye amezuia kucheka mpaka akashindwa. "Naona hata tundu la ufunguo," amesema. "Mpigie mtu wa pampu umwambie asije."

Nimelia mbele yao, bila kujificha. Bwana wa mazoezi aliomba ukweli mtupu: nimelia kwa furaha, na mguu ulikuwa haujambo.

Mchana binti yangu ametuambia siku hizi kuna mashine, unaitumbukiza tu majini inaonyesha namba, hakuna mambo ya rangi. Nimemtazama mkwe. Mkwe amenitazama.

"Ya nini?" amesema.

Jumapili, 8 Septemba

Joto limerudi. Maji bado baridi kidogo asubuhi.

Jumamosi, 14 Septemba

Siku yenyewe.

Nilikuwa sijawaza jambo moja, na nimeliwaza usiku uliopita tu: nguo ya kuogelea. Nitaingiaje majini, na miguu yangu hii, mkwe akiwa hapo nyumbani kwake? Binti yangu amepangiwa zamu, hayupo. Bwana wa mazoezi yupo, yeye ni kama daktari, kwake sina haya. Lakini mkwe! Na bila mkwe ni nani ataangalia pampu?

Nimetoka nimejifunga shuka mpaka kidevuni, nikakuta mkwe ameshalimaliza jambo hilo. Ametundika mitandio yangu miwili kwenye kamba kati ya baraza na bwawa, na yeye amekaa nyuma yake kwenye kiti, mgongo kwetu, anatazama ukuta wa stoo. Ukingoni, palipo na ngazi, kuna bomba jipya la kushikia.

"Nipo hapa, Mama," amesema kwa ukuta. "Sigeuki."

Nimeingia. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maji yamenishika kiunoni, halafu kifuani, na pale nyonga ilipozoea kusaga hakukuwa na kitu, ilikuwa nyepesi kama ya mtu mwingine. Mkongojo umebaki juu, umeegemea bomba, nimeuona mdogo sana. Nimetembea kutoka ukuta mpaka ukuta na kurudi. Kovu halikuchoma hata kidogo. Bwana wa mazoezi amesema nikiendelea hivi naweza kurudi kwangu kabla ya mwisho wa mwezi wa kumi. Nimemwambia tutaona. Kwanza nani atamsomea mtu rangi zake?

Nilipokuwa katikati nimesikia kikohozi nyuma ya mitandio. Mkono umetokea katikati ya mwekundu na wa kijani, umeshika kimrija, umekinyoosha kuelekea kwangu, na mwenye mkono hakugeuza hata shingo.

"Mama, hii je?"

Nimekitazama vizuri kwenye jua.

"Chungwa, baba," nimemwambia. "Usiongeze kitu."